Mtani Hapewi Pole

Mikumi,
12 Novemba 2023

Kwa mtani wangu Ziada,

Habari za siku nyingi, wewe Msagara usiyeandika? Habari za kilimo, habari za wanao na hao kuku wako wasiotaga? Natumaini hujambo. Ukiuliza huku, sisi tu wazima kwa uwezo wa Mungu, ila goti langu la kulia limeanza ukaidi. Nikipiga magoti kanisani, kunyanyuka mpaka nishikwe mkono. Lightness, mkwe wangu, anakuamkia, na wajukuu wanasema shikamoo bibi wa Tindiga.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Nilipiga. Ukaniuliza “nani?” mpaka nikapiga kelele, majirani wakatoka nje wakidhani nimeona nyoka. Masikio yako yamekwisha, mtani, tukubali tu. Kwa hiyo nimerudi kwenye karatasi. Barua hii nampa kondakta wa basi la Kilosa aiache dukani kwa Shamimu, naye akupe mkononi.

Wiki hii nimepakumbuka sana kwetu Munisagara. Lightness alichemsha mahindi mabichi, na harufu ile ikanifikisha stesheni. Nikatuona sisi wawili na masinia kichwani tunakimbilia madirisha ya treni ya Kigoma, wewe na mahindi, mimi na miwa. Kila siku ulimaliza kuuza kabla yangu kwa sababu ulikuwa unawanong'oneza abiria kwamba miwa yangu imelala. Nikaliona na kanisa letu la kigango, lile la udongo, na kipande cha reli kilichoning'inia kwenye mkwaju badala ya kengele. Baba akikigonga, hata ninyi Waislamu mlijua kwamba sasa ni saa ya kuepua chungu. Siku hizi nasikia treni ya umeme itakayopita Kilosa itakuwa na kasi, haitampa mtu hata nafasi ya kununua hindi. Sijui watoto wa sasa watafundishwa wapi kusema uongo.

Sasa habari yenyewe. Parokia wamenichagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya huruma. Kazi yetu ni kuwatafuta wenye shida, wagonjwa, wajane, yatima, na kuwapelekea msaada. Nilipotajwa jina nilitaka kukataa kwa ajili ya goti, halafu nikamkumbuka Baba. Katekista asiye na mshahara, shamba lenyewe dogo, lakini sikuwahi kuona mtu akitoka kwetu mikono mitupu. Nataka kabla sijafa nami nifanye kidogo kama yeye. Niombee kwa Mungu wako.

Andika, mvivu wewe.

Mimi mtani wako,
Filomena


Tindiga,
27 Novemba 2023

Kwa Filomena binti Anselmi, mpagazi mstaafu,

Salamu nyingi kutoka kwa watu waungwana. Barua yako imefika na doa la mafuta. Naona kondakta aliweka andazi juu yake, lakini nimesoma mpaka mwisho. Mimi sijambo, wanangu hawajambo, kuku wanataga isipokuwa siku unazouliza. Masikio yangu nayo ni mazima, nachagua tu cha kusikia. Pole ya goti sikupi. Babu yako alitoka Tabora kwa miguu na mzigo kichwani, hukumsikia akilalamika.

Ati mwenyekiti! Masikini parokia ya Mikumi. Wamezunguka nyumba zote wakakosa mtu, wakaona heri Mnyamwezi kuliko kiti kikae kitupu. Sasa wenye shida watajua shida ni nini.

Nacheka, lakini nimefurahi, mtani. Nimefurahi kweli. Baba yako namkumbuka mpaka sauti. Ule wimbo wa Bikira Maria mliokuwa mnaimba jioni naujua wote, kwa sababu nilikuwa nakaa chini ya dirisha lenu nikisubiri mmalize tukacheze. Siku moja nikauimba chuoni bila kujijua, ustadhi akanichapa, na nilipomwambia baba yako alicheka huku ananipulizia mkono. Akasema, “Mwanangu, uliimba vizuri?” Nikasema ndiyo. Akasema, “Basi fimbo haikwenda bure.”

Wazee wale hawapo, na sisi ndio tumekuwa wazee. Mimi bado nashangaa nikisikia mtu ananiamkia shikamoo barabarani, nageuka nyuma kuangalia anaamkiwa nani.

Mvua zimeanza mapema. Majaruba yangu nimeshayatengeneza, mpunga nitaupanda mwezi ujao. Mto tunauangalia, umejaa kabla ya wakati wake, ila wazee wa hapa wanasema utashuka. Mungu akipenda, mwezi wa sita nitakuletea mchele mpya, uone namna watu wanaolima wanavyokula.

Mtani wako,
Ziada


Mikumi,
11 Februari 2024

Kwa mpendwa dada yangu Ziada,

Amani ya Bwana iwe nawe. Natumaini barua hii inakukuta na afya njema pamoja na mtihani mzito ulioupata. Mimi na familia yangu na kamati yote ya huruma tunaendelea kukupa pole nyingi kwa mafuriko, kwa nyumba yako iliyoanguka na mpunga wako wote uliochukuliwa na maji. Pole sana, dada. Pole sana.

Nimerudi Mikumi nikiwa nimechoka, lakini moyo umejaa. Sijawahi kufanya kazi iliyonipa furaha ya namna ile. Lori lilivyojaa wewe mwenyewe uliliona. Waumini walitoa unga, maharage, sabuni, nguo, mpaka watoto wa Komunyo ya Kwanza walileta ndoo zao za plastiki. Tulipofika pale shuleni mlikohifadhiwa, nikawaona mmekaa kwenye mikeka, nilishindwa kujizuia, nikalia.

Nakushukuru sana kwa kukubali kusema lile neno la shukrani. Ni mimi niliyekuchagua. Kamati ilitaka mtu mmoja asimame kwa niaba ya wenzake, nikasema hakuna anayefaa kuliko Ziada, huyu nimekua naye. Nilitaka upate heshima hiyo. Usijali kwamba ulisema “ahsanteni” ukakaa, na kwamba katibu wetu, kijana Emanueli, alikuomba urudie kwa sababu simu yake ilikuwa haijaanza kurekodi. Mara ya pili ulisema vizuri zaidi. Wahisani wetu wa Morogoro wanataka kuona msaada umefika, ndiyo maana Emanueli anapiga picha sana.

Picha moja nakutumia humu. Mimi nimeshika mfuko wa unga upande mmoja, wewe umeshika upande wa pili, na bango letu liko nyuma. Padri ameipenda. Imechapishwa kubwa na kubandikwa mlangoni mwa kanisa, maana Jumatano tunaanza Kwaresima, na watu wakiiona wataguswa kutoa zaidi. Kila anayeingia ananiuliza yule mama ni nani, nami nasema ni rafiki yangu wa utotoni.

Tunakuombea kila siku katika sala. Usikate tamaa, Mungu anawaona watu wake.

Dada yako katika Bwana,
Filomena
Mwenyekiti, Kamati ya Huruma


Mikumi,
24 Machi 2024

Kwa dada Ziada,

Salamu nyingi. Hujambo? Wanao hawajambo? Nanyi mko katika mfungo, Mungu awatie nguvu. Sisi leo ni Jumapili ya Matawi, nimetoka kwenye maandamano na goti limevimba.

Sijapata jibu lako. Nilidhani barua imepotea, nikamuuliza kondakta, kondakta akamuuliza Shamimu, na Shamimu akasema alikupa mkononi, ukaifungua pale pale dukani, ukaangalia picha, ukaikunja ukaenda. Akasema hukuaga.

Ziada, je, unaumwa? Au nimekukosea jambo? Kama nimekosea niambie. Tangu tuko darasa la kwanza hatujawahi kukaa muda mrefu namna hii bila neno, hata nilipoolewa nikahamia huku. Kila basi la Kilosa likiingia natoka nje kama mtu anayesubiri mgeni. Lightness ameanza kunicheka.

Baada ya Pasaka tunaleta awamu ya pili ya msaada, na jina lako nimeliweka la kwanza.

Dada yako,
Filomena


Tindiga,
13 Aprili 2024

Kwa Mwenyekiti,

Salamu. Mimi sijambo. Idd tumeswali salama, watoto wamekula. Nakaa kwa mwanangu wa pili, nyumba yake iko mwinuko, maji hayakuifikia.

Unauliza umenikosea nini. Nilitaka ninyamaze tu, wewe uendelee na kazi yako ya Mungu na mimi na mambo yangu. Nimeshindwa. Kila nikifikiria siku ya kufa kwangu naona watu wamekaa kimya na wewe hujaja kunitania, na hilo linaniuma kuliko nyumba.

Siku ile ya lori nilikuwa mkekani na wenzangu. Nikakuona unashuka, goti mbele goti nyuma, moyo wangu ukaruka. Nikamwambia jirani yangu Magreti, “Ngoja sasa, umsikie Mnyamwezi. Atatutukana huyu mpaka tusahau maji.” Nilikuwa nimeshatayarisha na jibu langu. Ukija kuniuliza kama Wasagara tumefundishwa kuogelea, ningekuambia tulikuwa tunafua tu. Nilikuwa nacheka peke yangu. Ukaja, ukanishika mikono yote miwili, ukasema kwa sauti ya kanisani, “Pole sana, mama.”

Mama! Mimi na wewe tuliovaa gauni moja kwa zamu!

Filomena, tangu lini Mnyamwezi akampa Msagara pole tupu? Alipokufa mume wangu ulifika hapa umevaa koti lake na kofia yake, ukatembea uwanjani ukiburura mguu kama yeye, ukanigombeza kwamba umerudi shamba na chai haijawekwa. Mimi mjane, nimekaa ndani na kaniki, nikacheka mpaka mashemeji wakaona nimepagawa. Siku ile ndiyo nilijua kwamba nitaishi. Sasa kwa nyumba ya udongo na majaruba ya mpunga ukaniletea bango.

Nyumba ilipoanguka sikulia. Mpunga ulipokwenda sikulia. Nililia jioni ile mlipoondoka, kwa sababu niliona hata mtani wangu akiniangalia anaona maskini.

Halafu umesema unataka kufanya kama baba yako. Nikukumbushe alivyofanya. Mwaka ule wa njaa, mama yangu aliingia kwenu mchana kweupe, akachota mahindi kwenye pipa lenu, akatoka anaimba kwamba Wanyamwezi wamebeba mizigo ya watu miaka yote, leo na wao wamepata wa kuwabebea. Baba yako akamfukuza na fimbo mpaka relini, anapiga kelele “mwizi, mwizi!” Stesheni nzima inacheka, na Mama anacheka kuliko wote. Tukala. Hakuna mtu pale Munisagara aliyejua kwamba kwetu moto ulikuwa hauwashwi. Nimekuwa mtu mzima ndipo Mama akaniambia kwamba pipa lile kwa kawaida lilikaa chumbani. Siku zile lilikuwa limesogezwa mlangoni.

Unga wenu nilimpa Magreti. Sikuutupa, ni riziki ya Mungu. Tena nisiseme uongo: watu wa hapa walikula kwa lile lori, na mpaka leo wanawaombea dua. Lori halikukosea.

Usinitumie picha nyingine. Na jina langu litoe huko ulikoliweka.

Ziada


Mikumi,
5 Mei 2024

Kwa Msagara aliyenuna,

Sikuulizi hali. Mtu anayeandika barua ndefu vile ana nguvu kunishinda mimi.

Samahani nayo siombi. Samahani huombwa watu wenye adabu, na kwenu sikuwahi kumwona hata mmoja. Nilisoma barua yako nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaenda nayo kanisani nikaisoma tena mbele ya Sakramenti, na Mungu ni shahidi wangu, sijawahi kutukanwa vizuri vile.

Picha nimeibandua mlangoni. Emanueli akaniuliza kwa nini, nikamwambia sura ya yule mwanamke inawatisha watoto wa Komunyo. Neno la shukrani nalo tumelifuta. Kikao kilikuwa kigumu, wengine walisema wahisani watatukimbia. Nikawaambia wahisani wapigiwe picha magunia, magunia hayaoni haya. Padri akasema tujaribu. Jina lako nimelitoa. Sitaki hata kuliona.

Lakini jambo moja limenisikitisha katika barua yako, nalo ni hadithi ya mama yako. Mwanamke shupavu yule! Alikuwa anaingia nyumba ya watu na kutoka na kitu. Ninyi watoto wake mmekuwa nini? Mmebaki kukaa mkekani na kuandika barua za huzuni. Mimi hapa Mikumi ni mjane mwenye goti bovu. Kila Jumapili natoka alfajiri, Misa ya kwanza, Misa ya pili, kamati, narudi jua limeshapita utosini. Lightness na watoto nao wanakwenda. Komeo la mlango wa nyuma limelegea, mtoto akilisukuma linafunguka. Mbuzi wangu amefungwa pale pale nyuma, mweupe, amenenepa mpaka anahema. Gunia la mchele liko chini ya kitanda.

Na sijaibiwa! Miaka yote hii, majirani wenyewe ni Wasagara, na sijaibiwa hata kijiko. Ni aibu kwa kabila zima.

Basi, endelea kununa. Mimi mbuzi wangu nitamla mwenyewe.

Mtani wako, utake usitake,
Filomena


Mikumi,
10 Juni 2024

Kwa mwizi Ziada,

Jana nimerudi kutoka kanisani nikakuta mlango wa nyuma uko wazi.

Sikusalimu. Utasalimiwa na mbuzi wangu, maana yuko kwako. Kondakta wa basi la Kilosa ameshanieleza alivyolia kwenye buti njia nzima, na wewe umekaa kiti cha mbele unawaambia abiria kwamba ni mkweo anapelekwa hospitali. Jirani yangu Donati aliwaona pia. Anasema wanawake wawili watu wazima walikuwa wanapakia gunia kwenye toyo ya kubebea mizigo huku wanacheka mpaka wanaegemea ukuta, akadhani nimeuza vitu. Huyo wa pili ni Magreti, sivyo? Mkristo mzima, Jumapili, badala ya kwenda kusali anashika miguu ya mbuzi. Mwambie nitamsemea kwa katekista wake.

Nilipita vyumbani kuhesabu hasara. Mbuzi hayupo, na Idd Kubwa ni wiki ijayo, msinifanye mtoto. Mchele haupo. Sufuria kubwa ya shughuli haipo. Ndoo mbili, jembe, blanketi la bluu. Mpaka kitenge cha sare ya kina mama wa kanisa, chenye Bikira Maria mgongoni! Utakivaa wapi, wewe? Nikakaa kizingitini. Lightness akaanza kupiga mayowe ya mwizi, mimi nikawa nacheka na machozi yanatoka, akadhani nimepatwa na kiharusi.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hiki ndicho kilichonifanya nichukue kalamu.

Mayowe yale yalifika kanisani kabla kikao cha vijana hakijaisha. Jua likiwa bado kali nikaona kamati yangu yote inakuja, Emanueli mbele. Wamechanga haraka haraka: sukari, sabuni, mfuko wa unga. Emanueli akanishika mikono yote miwili. Akasema, “Pole sana, mama.” Ile ile, Ziada, sauti ile ile. Mimi ndiye niliyemfundisha. Halafu akaniomba nisimame mlangoni na mfuko wa unga, picha moja tu, si ya wahisani, ni ya kundi la parokia, ili na wengine waguswe.

Nikasimama. Sijui kwa nini nilikubali, nadhani mtu ukishikwa mkono kwa upole vile unashindwa kukataa. Nikashika mfuko, majirani wote wananitazama, na mimi niliyezoea kugawa nikawa sijui macho niyaweke wapi. Nikajisikia nimekuwa mfupi. Nilitaka mtu mmoja tu kati yao acheke, aniambie Filomena umezeeka mpaka wezi wanakuonea. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wananipenda, wote, na nilitaka ardhi ipasuke.

Mtani, sikujua. Nilisoma barua yako nikadhani nimeelewa, kumbe nilielewa maneno tu. Nimekulilia jana pale mlangoni mbele za watu, na sioni haya kukuandikia.

Nikawarudishia mfuko, nikawaambia, “Sijaibiwa mimi. Nimetaniwa.” Wakatazamana. Emanueli kakulia mjini, akauliza kama niwekwe kitandani. Lakini nyuma yao alikuwapo mzee Simoni, yule wa kwetu Tabora anayefagia kanisa. Akapenya mpaka mbele.

“Aliyechukua ni Msagara?”

“Msagara.”

“Kachukua nini?”

“Mbuzi, mchele, sufuria, na sare yangu.”

“Mlango kauacha?”

“Kauacha.”

Akakaa chini pale pale kwenye vumbi akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Akasema Wasagara wa siku hizi hawana nguvu, wa zamani wangeng'oa na mlango. Hapo na Donati akacheka, na Lightness akacheka, na mwisho nikamwona Emanueli naye anacheka bila kujua anachekea nini, simu amerudisha mfukoni. Nilimkalisha, nikamweleza habari ya Baba na lile pipa. Aliuliza maswali mengi. Akaniuliza sasa wale wa Tindiga wasio na watani tutawapelekeaje. Nimemwambia tuanze kwa kwenda kukaa nao mkekani kwanza, tule walichopika, lori lifuate baadaye.

Baba alipenda kutusomea ile Injili ya mkono wa kushoto usijue unachofanya mkono wa kulia. Mimi miaka yote nimedhani ni habari ya kutia sadaka kwenye bahasha. Kumbe alikuwa anaisoma huku anasogeza pipa, na mimi mtoto wa nyumba nikalipita pale mlangoni kila siku nikienda shule. Namkumbuka sana, Ziada. Nawakumbuka wote. Hapa Mikumi hakuna mtu wa kumkumbuka naye isipokuwa wewe, na nilikaribia kukupoteza kwa mfuko wa unga.

Jana kabla ya kulala nilimshukuru Mungu kwa kunipa mwizi.

Lakini lipo jambo moja silisamehe. Shamimu kaniambia kwamba tangu maji yaje unalala chini, kwenye mkeka. Nawe umeingia mpaka chumbani kwangu, umeinama na kiuno chako hicho, umevuta mchele uvunguni, na godoro lililokuwa juu ya kichwa chako umeliacha. Godoro nene, jipya, halijatoka hata nailoni upande wa chini. Uvivu gani huo?

Jumapili hii nina Misa mbili na kikao. Mlango wa nyuma sijautengeneza.

Mtani wako,
Filomena